Ramani ya mashua ndogo ya tanga: namna ya kuichagua kabla hujakata plaiwudi

Ramani nyingi za mashua huchaguliwa kwa picha. Tanga jeupe, mbao inayong'aa vanishi, basi, mtu anashika simu na kulipia. Miezi sita baadaye mashua imelala nusu chini ya mabati: plaiwudi ya unene uliotakiwa haikupatikana, au chombo kimekuwa kizito mno kuteremshwa majini na watu wawili, au kimekamilika kabisa ila upepo wa alasiri ukiamka hakitoki ufuoni. Makosa haya matatu hufanyika kabla ya msumeno kushikwa, na kuyaepuka kunagharimu karatasi, kalamu na jioni chache.

Jibu fupi kwa mjenzi wa mara ya kwanza aliye Kisumu au popote kando ya Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ni hili: mashua ya urefu wa mita 2.4 hadi 3.3, sakafu bapa au yenye mkunjo mmoja katikati, plaiwudi ya milimita 6, tanga la mita za mraba 4 hadi 6.5 lenye miti mifupi, na mwili usiozidi kilo 50. Ukitaka kutoka nje ya vipimo hivyo, toka ukiwa na sababu.

Anza na maji, si mashua

Upepo wa ziwa una ratiba. Usiku na alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Asubuhi unazimika, kisha kuanzia adhuhuri hugeuka, ukaanza kutoka ziwani upande wa magharibi au kusini-magharibi, na mara nyingi huwa na nguvu zaidi kati ya saa nane na saa kumi na moja. Wavuvi wa matanga wamepanga kazi yao juu ya mzunguko huo: wa nchi kavu unawapeleka, wa ziwa unawarudisha.

Anayejengea burudani kwa kawaida hufika ufuoni Jumamosi alasiri, wakati upepo unampiga usoni. Kutoka Dunga au Hippo Point, fuo za Kisumu, saa hiyo ni lazima ubishe, yaani uende kinyume cha upepo kwa kukata mshazari, mara kulia mara kushoto. Mashua isiyobisha itasukumwa kando hadi kwenye mafunjo, na huko kutoka ni kwa kasia na jasho. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ramani yoyote ni kama ina ubao wa chini wa kutosha, yaani ubao unaoingia majini kuzuia mashua isisukumwe kando, na tanga linaloweza kubisha. Zuri la upepo huo ni kwamba kitu kikivunjika alasiri, utasukumwa kuelekea nyumbani. Asubuhi ni kinyume chake: upepo ni mwanana, maji yametulia, mwanafunzi anajiona hodari, na kila dakika anazidi kwenda mbali. Ndiyo maana mashua ya hapa, hata iwe na tanga zuri namna gani, iwe na mahali pa kupigia kasia na kasia zenyewe ziwe ndani.

Jambo la pili ni mawimbi. Ghuba ni ya kina kifupi, kwa hiyo upepo wa alasiri huinua mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayofuatana karibu karibu. Omo, yaani mbele ya chombo, ikiwa pana na imekatwa butu, hupigwa kofi na kila wimbi. Si hatari, ila unalowa na mwendo unapungua. Katika ramani za omo butu chagua ile ambayo ukingo wa chini wa omo umeinuliwa vizuri juu ya maji. Omo kali yenye ncha inaanza kuleta faida ya kweli mashua ikifika mita 3.5 au zaidi; chini ya hapo inakula nafasi ya kukaa tu.

Halafu kuna magugu maji. Yalifika upande wa Kenya mapema miaka ya 1990 na hayajaondoka. Upepo unayahamisha kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Ubao wa chini unaochomekwa wima hunasa mizizi yake na nyavu za watu, na usukani usioinuka hunasa zaidi. Tutarudi hapo.

Wakazi wa Nakuru wasijidanganye na ziwa lililo mbele ya macho yao. Ziwa Nakuru liko ndani ya hifadhi ya taifa, si pa kuteremshia mashua yako. Maji yenu ni Naivasha, ambako nako upepo hupanda mchana na viboko hawana habari na mashua yako. Hilo linamaanisha kubeba mashua juu ya gari kila safari, na uzito unakuwa jambo la kwanza badala ya la pili.

Watu, uzito, na mlango

Pima uzito wa watakaopanda kwa kweli, si kwa heshima. Kisha fanya hesabu hii. Zidisha urefu wa sehemu inayogusa maji kwa upana wake, halafu zidisha kwa 0.65. Kwa chombo cha umbo la sanduku usizidishe kwa hiyo 0.65. Mfano: mita 2.8 mara 1.1 mara 0.65 ni mita za mraba 2.0. Kila mita ya mraba ikizama sentimita 1 inabeba kilo 10, kwa hiyo mashua hiyo huzama sentimita 1 kwa kila kilo 20. Mwili kilo 45, tanga na miti yake kilo 15, mtu mzima kilo 75, kijana kilo 60: jumla kilo 195. Itazama karibu sentimita 10, ongeza 2 kwa kuwa sakafu imepinda.

Sasa angalia ramani kwa ubavuni. Sakafu ya mashua nzuri imepinda kama kiti cha bembea, ikipanda kuelekea omo na kuelekea tezi, yaani nyuma. Pima ukingo wa chini wa tezi umepanda kiasi gani juu ya sehemu ya chini kabisa ya sakafu. Ukiwa umepanda sentimita 12 au zaidi, tezi itakaa juu ya maji na maji yatateleza kwa ulaini. Ukiwa umepanda 6 tu, watu wawili watazamisha tezi, nayo itaburuta maji nyuma kama ndoo. Mashua ya namna hiyo haigeuki katika kubisha. Inasimama ikiangalia upepo, kisha inarudi nyuma. Wenyewe hulaumu tanga, wakati kosa ni la mzigo uliozidi ramani.

Uzito nchi kavu nao ni muhimu. Kilo 50 watu wawili wanainua na kuipandisha kwenye kerea ya Probox. Kilo 80 ni watu wanne au pikapu. GP14, iliyobuniwa na Jack Holt mwaka 1949, ni mashua nzuri mno ya familia ya urefu wa mita 4.27, ila mwili wake ni karibu kilo 133. Kuivuta juu ya mchanga baada ya saa tatu za upepo ni kazi ya kuomba msaada, na msaada wa ufuoni, kama ujuavyo, una bei yake.

Na upime mlango. Mlango wa kawaida wa sentimita 90 unapitisha mashua yenye upana wa mita 1.4 ikilazwa kwa ubavu, mradi kimo chake hakizidi sentimita 60 na hakuna kona ya ukuta mbele. Pima pia geti na korido.

Plaiwudi ndiyo inayoamua

Hapa ndipo ramani nyingi za ng'ambo zinapokwama. Mbunifu ameandika plaiwudi ya mashua ya kiwango cha Uingereza cha BS 1088, milimita 6, ya mbao ya okoume. Wewe unaingia duka la mbao, unauliza plaiwudi ya marini, unaoneshwa shiti la kahawia linalong'aa, milimita 18, zito kama lango. Hiyo ni ya mafundi wa ujenzi wa kumwagia zege. Uso wake umefunikwa kwa utando ambao gundi haishiki, na uzito wake unamaliza hesabu yote. Usiinunue, hata ikiwa imepigwa mhuri wa neno marini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuagiza ya okoume kutoka Nairobi au Mombasa: shiti la mita 2.44 kwa 1.22 la milimita 6 huwa na uzito wa kilo 8 hadi 9. Ya pili ni plaiwudi ya kawaida ya hapa nchini iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Hiyo huwa kilo 10 hadi 11 kwa shiti. Mashua ya shiti nne itaongezeka karibu kilo 8 tu, jambo linalovumilika. Lakini usiamini maneno ya muuzaji wala mhuri. Fanya majaribio matatu kabla ya kununua zote:

Nunua shiti moja. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kichemshe kwenye sufuria kwa muda wa saa 4, kikaushe usiku kucha na asubuhi juani, kichemshe tena kwa muda wa saa 4. Kisha jaribu kuingiza kisu kati ya tabaka. Tabaka zikiachana, gundi ni ya ndani ya nyumba. Shiti hilo ni la dari.

Kata ukanda wa sentimita 10 na uangalie ukingo wake wote. Mashimo kati ya tabaka ndiyo mahali maji hukaa na mbao kuoza, na ndiyo mahali ubavu huvunjika ukipinda. Shimo moja dogo utalijaza. Matano ndani ya mita moja, rudisha. Shiti la milimita 6 lenye tabaka 5 ni bora kuliko la tabaka 3, maana la tabaka 3 mara nyingi lina moyo mnene na nyuso nyembamba kama karatasi: ukilipiga msasa kidogo tu uso umekwisha.

Mwisho, pinda ukanda huo kufuata mpindo mkali zaidi uliomo kwenye ramani, uufunge kwa kamba na kuuacha usiku mmoja. Ukipasuka, ama ubadilishe plaiwudi ama ubadilishe ramani. Ramani zenye omo iliyosokotwa ndizo zinazoshindwa hapa kwanza.

Matokeo ya majaribio haya yanaweza kukurudisha nyuma kuchagua upya, na hiyo ni sawa. Kupoteza shiti moja ni rahisi kuliko kupoteza mashua nzima.

Urefu wa shiti nao unachagua kwa niaba yako. Mashua ya hadi mita 2.4 hutoka kwenye shiti bila kiungo. Ikipita hapo lazima uunganishe. Kiungo cha mshazari hutaka urefu wa mara 8 ya unene, yaani milimita 48 kwa plaiwudi ya milimita 6: panga shiti kama ngazi, zipige randa pamoja hadi mistari ya tabaka ionekane imenyooka kama mistari ya daftari, kisha gandisha. Asiyejiamini na randa aweke kiraka cha plaiwudi upande wa ndani chenye upana wa sentimita 15. Kiraka hicho hukaza sakafu na kuiharibia mpindo kidogo, basi kiweke mahali ambapo mpindo si mkali.

Njia ya kujenga

Kwa mara ya kwanza kuna mbili za kufikiria. Katika kushona na kugandisha, vipande vya plaiwudi hutobolewa kingoni, hushonwa kwa waya wa shaba, kisha kona hujazwa epoksi, yaani gundi ya kuchanganywa na kigumishaji, na kufunikwa kwa utepe wa faibaglasi. Waya wa stima wa milimita 1.5 ukiondolewa plastiki unafaa kabisa. Njia ya pili hutumia fito za mbao kwenye kona, plaiwudi ikipigiliwa na kugandishwa juu yake. Ya kwanza hutaka epoksi nyingi na useremala kidogo. Ya pili ni kinyume. Kama una fundi seremala jirani na epoksi ni ghali kwako, ya fito itakufaa, ila fito zikatwe pembe yake sawasawa kwa randa, maana hapo ndipo maji huingilia. Njia za mbao zinazopandana au fito nyembamba zilizounganishwa mwili mzima ziache kwa mashua ya pili.

Mafundi wa mashua za uvuvi wa Usoma, Mbita au Usenge wanajua kupinda mbao kuliko mwandishi yeyote wa ramani, na kwa mlingoti na kasia uende kwao. Kwa mwili mwepesi wa plaiwudi mazoea yao ya misumari na mbao nene yatakupeleka kwenye kilo 150.

Ramani za kulinganisha

Optimist ilibuniwa na Clark Mills huko Florida, Marekani, mwaka 1947, ili itoke kwenye shiti za kawaida. Urefu mita 2.3, upana 1.13, tanga mita za mraba 3.3, mwili kilo 35. Ni ya mtoto mmoja. Mtu mzima akiingia, tezi inazama na mti wa tanga unampiga kichwani. Kama unajenga kwa ajili ya mwanao wa miaka 9, acha kutafuta, umefika.

Puddle Duck Racer, ya David Routh, ilianza mwaka 2003. Ni sanduku: urefu futi 8, upana futi 4, sakafu iliyopinda. Ramani ni ya bure, plaiwudi ni karibu shiti 3 za milimita 6, na tanga unaamua mwenyewe. Kwa macho ni chombo cha kuchekwa ufuoni. Lakini hubeba watu wazima wawili, haipinduki kirahisi, na mjenzi akikosea sentimita nzima bado inaelea na kwenda. Katika mawimbi ya alasiri inapiga kelele na kurusha maji. Kwa mtu ambaye hajawahi kugandisha mbao mbili, hii ndiyo shule nafuu zaidi.

Mirror ilitoka Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikibuniwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell. Urefu mita 3.3, upana 1.39, mwili kilo 45.5, matanga mawili ya jumla ya mita za mraba 6.5 hivi. Zaidi ya 70,000 zimejengwa, nyingi nyumbani, na ndiyo iliyoeneza njia ya kushona na kugandisha. Miti yake yote huingia ndani ya urefu wa mashua. Ina vyumba vya hewa vinne. Ugumu wake ni vipande vingi na tanga la mbele linaloongeza kamba za kushika. Kwa baba na kijana wake kwenye Winam, mashua ya umbo na ukubwa wa Mirror ndiyo kipimo cha kulinganishia nyingine zote.

Goat Island Skiff ya Michael Storer wa Australia ina urefu wa mita 4.7, tanga moja la mita za mraba 9.75, mwili wa karibu kilo 60, shiti 6 za milimita 6. Ni nyepesi ajabu kwa urefu wake na ina kasi. Pia haisamehe: tanga ni kubwa, na uzito mdogo unategemea plaiwudi nyepesi. Ukiijenga kwa plaiwudi nzito ya duka la kawaida, unapoteza kile ulichoilipia. Chagua hii ikiwa tayari unajua kuendesha mashua.

Tanga na miti yake

Tanga refu la pembetatu lenye mlingoti wa mita 5 na nyaya za kuushikilia lina faida kwenye mashindano. Kwako ni gharama: mlingoti hauingii kwenye Probox, na kila waya unataka chuma kisichoshika kutu. Tanga la pembe nne la foromali, yaani mti wa juu unaoning'inia kwenye mlingoti mfupi, ni bora hapa. Mlingoti wa mita 3.6 unabeba tanga la mita za mraba 5.5, unasimama bila waya, na dhoruba ikija unateremsha kila kitu kwa kulegeza kamba moja. Hilo la mwisho lina thamani kubwa wakati mawingu yanakusanyika upande wa milima ya Nandi na una dakika kumi.

Mlingoti wa saipresi wa milimita 65 unatosha, ukigandishwa kutoka mbao mbili au tatu ili mafundo yasikutane. Foromali inaweza kuwa mwanzi uliokauka vizuri. Tanga la turubai la plastiki hudumu msimu mmoja au miwili juani na linafaa kwa kujifunzia. Kosa la kawaida ni kulikata kwa kingo zilizonyooka. Ukingo wa foromali wa mita 2.7 ukatwe ukiwa umebinuka nje sentimita 4 katikati. Ukifungwa kwenye mti ulionyooka, ziada hiyo inaingia ndani na kulipatia tanga tumbo. Bila tumbo, mashua haibishi.

Ukitaka kubadilisha tanga lililochorwa, fanya hivi: kata umbo la tanga la ramani kwenye kadibodi, lining'inize kwa pembe moja na uzi wenye uzito, chora mstari, kisha kwa pembe nyingine. Mistari inapokutana ndipo katikati ya nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa tanga lako jipya. Sehemu hizo mbili lazima zisimame juu ya mstari uleule wa wima kwenye mashua. Ukisogeza nyuma, mashua itang'ang'ania kugeukia upepo na mkono utauma kwenye kana, yaani mpini wa usukani. Ukisogeza mbele, itakimbia upepo na haitabisha.

Ubao wa chini na usukani

Eneo la ubao lililo ndani ya maji liwe karibu asilimia 4 ya eneo la tanga. Kwa tanga la mita za mraba 5 hiyo ni 0.2, yaani sentimita 25 kwa 80. Ramani zinazotoa ubao mdogo kuliko huo zimechorwa kwa ajili ya kusukumwa na upepo wa nyuma.

Ubao wa kuchomeka katikati ni rahisi na hubisha vizuri, ila ukigonga mwamba hupasua kisanduku chake kinachoupitisha sakafuni, na magugu hukusanyika mbele yake. Ubao wa ubavuni unaozunguka kwenye bolti moja hujikunja wenyewe ukigonga kitu, hauna kisanduku cha kuvuja, na unaacha sakafu wazi. Kwa fuo za Winam, zenye kina kifupi, nyavu na magugu, wa ubavuni una faida kubwa kuliko sura yake mbaya. Usukani nao uwe wa kuinuka. Tena ukiweza kuinua ubao na usukani ukiwa ndani, unaweza kufika karibu kabisa na nchi kavu bila kusimama majini muda mrefu. Kichocho kipo kwenye fuo hizi.

Hewa ya kuelea

Ramani isiyoonesha vyumba vya hewa au mahali pa maboya, iache. Lita 1 ya hewa iliyofungwa inabeba kilo 1. Mbao zenyewe zinaelea, lakini mashua iliyojaa maji inahitaji kumwinua angalau mtu mmoja ndani akikumba maji. Kwa mashua ya mita 3 tafuta lita 150 hadi 200, nyingi zikiwa ubavuni. Zikiwa omo na tezi peke yake, mashua iliyojaa maji hubiringika kama gogo. Pima kwenye ramani: chumba cha urefu wa mita 1.5, upana sentimita 20, kimo 30 ni lita 90. Viwili ni 180.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi husahau. Mashua ikijaa maji, mdomo wa kisanduku cha ubao lazima ubaki juu ya uso wa ziwa. Ukiwa chini, maji yanaingia kwa kasi unayoyakumba. Vyumba vyenyewe vitiwe kizibo na tundu la kukagulia. Chupa za soda za lita 2 zilizofungwa vizuri, 25 kila upande, zikiwekwa ndani yake ni bima ya lita 100 siku chumba kitakapovuja.

Kusoma ramani kabla ya kulipa

Ramani kamili ina vipimo vya kila kipande, mchoro wa kupanga vipande kwenye shiti, orodha ya vifaa, uzito wa mwili uliokamilika, mchoro wa tanga wenye vipimo, na mahali mlingoti na ubao vinapokaa. Ikikosa mchoro wa kupanga, tengeneza wako kwenye karatasi ya graph. Mara nyingi shiti 4 zilizoandikwa hugeuka 5.

Ramani za Marekani huandika vipimo kwa tarakimu tatu: 3-4-5 ni futi 3, inchi 4, na sehemu 5 kati ya 8 za inchi. Kwa milimita: 914.4 na 101.6 na 15.9, jumla 1032. Anayeisoma kama namba za desimali hukata ubavu usio na kipimo sahihi. Badilisha vipimo vyote kuwa milimita kwenye daftari, siku moja, kisha mtu mwingine ahakiki. Robo inchi ya plaiwudi ni milimita 6.35, ya 6 inafaa.

Kielelezo kwenye karai

Jenga mashua ya kadibodi kwa kipimo cha 1 kwa 10. Urefu unagawanywa kwa 10, uzito kwa 1000, kwa hiyo kilo 75 za mtu ni gramu 75 za mchele ndani ya kimfuko. Paka mwili nta ya mshumaa, uweke juu ya karai la maji, pakia mwili, tanga na watu mahali watakapokaa, ukihesabu uzito wa kadibodi yenyewe. Angalia tezi. Angalia omo. Sogeza mifuko kwenye ubavu mmoja uone ukingo unakaribia maji kiasi gani. Vipande vikikataa kukutana kwenye kadibodi, vitakataa kwenye plaiwudi, na utakuwa umepoteza kasha la unga badala ya shiti.

Orodha ya kwenda nayo dukani

Kwa mashua ya mita 3 ya kushona na kugandisha: shiti 4 za milimita 6; fito za saipresi zisizo na fundo, mita 20 za inchi 1 kwa 2; epoksi kilo 7 hadi 8 pamoja na kigumishaji chake; utepe wa faibaglasi wa milimita 75, mita 35 hadi 40; waya wa shaba mita 30; msasa namba 80 na 120; rangi ya nje lita 4, maana jua hula epoksi tupu. Glavu boksi moja. Resini ya poliesta ni nafuu na mafundi wa faibaglasi wanaizoea, lakini haishiki mbao kama epoksi. Ukiitumia, mashua ikae kavu na chini ya kivuli.

Kwa joto la Kisumu omba kigumishaji cha polepole. Changanya gramu 150 kwa mara moja, kwa mizani, na uimwage kwenye bakuli pana. Ikiachwa ndani ya kikombe kirefu saa sita mchana, itachemka, itatoa moshi na kuganda kabla hujaanza. Usiongeze kigumishaji ukidhani itakaza haraka. Uwiano wa mtengenezaji ndio uwiano, na epoksi iliyozidishwa kigumishaji hubaki laini milele. Paka mbao tupu alasiri joto linaposhuka. Ukipaka asubuhi, hewa ndani ya mbao inapanuka na kutoboa mapovu juu ya uso. Kesho yake safisha kwa maji na dodoki kabla ya msasa, kwa kuwa utando wa mafuta unaoachwa juu ya epoksi huzuia tabaka linalofuata kushika.

Kabla ya kununua shiti tatu zilizobaki, pita ufuoni unaotaka kuutumia ukaonane na viongozi wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo, kuhusu mahali pa kuteremshia na kulaza mashua, na uulize KMA, Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya, kuhusu ukaguzi wa vyombo vidogo na maboya ya kuvaa. Wakikuonesha mahali pa kuiweka, chukua futi upime hapo pia.